Safari ya Sarandibu Hupangwa kwa Mwezi

Kalenda iliyo ukutani jikoni kwa mama ni ile inayogawiwa msikitini kila mwisho wa mwaka. Tarehe za kizungu zimechapwa kwa tarakimu kubwa nyeusi, na pembeni, kwa wino mwekundu, zipo tarehe za Kiislamu. Mama huzisoma nyekundu kwanza. Mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano huzitia duara kwa kalamu, kwa sababu hizo ndizo siku nyeupe na yeye huzifunga tangu mimi sijajua kusoma. Jioni moja ya Novemba kalenda ya mwaka mpya ilipoletwa, sikuingoja itundikwe. Niliitandaza juu ya meza, nikatafuta Januari, nikamwambia mama tuanze kuhesabu.

Tulikuwa tunapanga safari ya Sri Lanka. Mama hasemi Sri Lanka. Anasema Sarandibu, kama alivyofunzwa chuoni na mwalimu wake. Nabii Adam aliposhushwa kutoka peponi alifikia Sarandibu, Bibi Hawa akafikia Jeddah. Jeddah mama ameshaiona, alipokwenda kuhiji. Sasa ana miaka 67, magoti yanamlalamikia kila asubuhi, na kwa mwaka mzima amekuwa akiniuliza neno moja: ule mlima wenye unyayo wa Adam, mtu wa umri wake anaufika?

Mimi nimefika kisiwa kile mara mbili, na mara ya kwanza ilinifunza kwa gharama. Tulikwenda na mume wangu mwezi wa Mei. Wakala mmoja wa safari hapa Mombasa alituuzia siku 7 za hoteli ya ufukweni, pwani ya kusini-magharibi, kwa bei iliyotufurahisha. Hakutueleza kwa nini bei ilikuwa chini kiasi kile, nasi hatukuuliza. Tulikuta bahari imechafuka, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, bendera nyekundu zimechomekwa mchangani na mvua haitoki mlangoni. Mpaka leo nikizikumbuka zile pesa roho inaniuma, maana jibu nilikuwa nalo mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Nimekulia kwenye baraza ambazo wazee huzungumza habari za kusi na kaskazi kama wanavyozungumza habari za jamaa zao: huyu kachelewa mwaka huu, yule kaja na hasira.

Kusi huyu huyu anayeanza Aprili na kuwazuia wavuvi wetu wasivuke mwamba ndiye anayekata Bahari ya Hindi kwenda kaskazini-mashariki, akaibwagia Sri Lanka mvua upande wa magharibi, wa kusini na milimani, kuanzia Mei hadi Septemba. Kaskazi akishika, Desemba hadi Februari, mambo hugeuka: mvua huhamia mashariki na kaskazini ya kisiwa, na magharibi bahari hutulia ikawa kama sahani. Kwa hiyo anayetaka kuogelea Bentota au Mirissa, au kutembea juu ya kuta za Galle, aende na kaskazi. Anayetaka Trincomalee au Arugam Bay aende na kusi. Oktoba na Novemba ni miezi ya katikati, yenye mvua kubwa za mchana na vimbunga vinavyozaliwa Ghuba ya Bengal, na mimi nisingempeleka mzazi wangu wakati huo. Nakiandika hiki kwanza kabla ya viza na hoteli kwa sababu matangazo ya likizo huonyesha jua miezi yote 12, na watu wa pwani yetu ndio ambao wangestahili kuwa wa mwisho kudanganyika.

Siku ya tatu tulikata tamaa na bahari, tukapanda basi kwenda Kandy. Hatukujua kwamba tumeingia katikati ya Vesak, siku ambayo Wabudha hukumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kuamka kwake kiroho na kufa kwake, mambo matatu ambayo kwa imani yao yalitokea siku moja ya mwezi mpevu wa Mei. Kila kibaraza kilitundikwa taa za karatasi za pembe nyingi. Kabla ya kufika mji wa Kegalle, kijana wa miaka kumi na mitano hivi aliruka katikati ya barabara na bendera, akaipeperusha mbele ya basi. Dereva akafunga breki. Niliushika mkono wa mume wangu, moyo ukinidunda, nikidhani ni fujo. Abiria wakaanza kuteremka huku wanacheka.

Chini ya turubai kulikuwa na sufuria kubwa za muhogo wa kuchemsha. Muhogo wenyewe ulikuwa umepasuka vizuri, ule mweupe wa unga, si ule wa nyuzi. Kando yake nazi iliyokunwa, na bakuli la pilipili nyekundu iliyopondwa na vitunguu vidogo na chumvi. Sahani zilivishwa nailoni nyembamba, ukimaliza kula inavuliwa nailoni na sahani inamngoja mwingine bila kuoshwa. Bibi mmoja aliyevaa nyeupe tupu aliniwekea vipande vitatu, akanitazama usoni, akaongeza cha nne. Mume wangu alitoa noti. Kondakta akaushusha mkono wake taratibu, akatwambia leo hakuna kitu kinachouzwa hapa. Vibanda vile huitwa dansal. Mtaa mzima huchanga mchele, muhogo, chai, hata malai, ukawalisha wapita njia wote bila kuuliza nani ni nani, kwa kutafuta kile wanachokiita pin na ambacho mama yangu aliponisikia alikiita thawabu. Nilikula muhogo ule nimesimama kwenye manyunyu, nikawaza futari za mtaani kwetu, zile sinia zinazotolewa nje ya msikiti kwa ajili ya msafiri aliyekawia barabarani.

Tangu siku ile nimeamini kwamba nchi ya namna hii haipangiwi safari kwa kutafuta nafasi iliyo katikati ya ibada zake. Unazitafuta ibada zenyewe kwanza, ukajua ziko wapi, kisha ndipo unaweka vituo vyako. Na ibada za Sri Lanka zinafuata mwezi wa angani.

Kila mwezi unapojaa ni sikukuu ya taifa, nayo huitwa Poya. Kila Poya ina jina lake na kumbukumbu yake. Ya Januari ni Duruthu, Vesak ni ya Mei, ya Juni ni Poson, ambapo hukumbukwa Mahinda, mwana wa mfalme Ashoka wa Bara Hindi, aliyeileta dini ya Buddha kisiwani katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Siku ya Poya ofisi hufungwa, pombe haiuzwi, nyama haiuzwi, na familia nzima nzima huvaa nyeupe zikaenda kushinda hekaluni. Walioweka nadhiri ya siku hiyo hawali chochote baada ya adhuhuri mpaka kesho yake. Treni na mabasi hujaa. Mgeni asiyejua atasema siku yake imeharibika.

Nilipomweleza mama haya alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Hiyo Poya huwa mwezi ngapi?"

Sikuwahi kuliwaza. Nikachukua kalenda. Mwezi mpevu huwa mwezi kumi na tatu, kumi na nne au kumi na tano. Siku ambazo mama yangu amefunga maisha yake yote, jikoni kwake Mji wa Kale, ndizo siku ambazo mamilioni ya watu ng'ambo ya bahari hii hii wamevaa nyeupe na hawali jioni. Mama aliweka kidole juu ya duara lake la Januari, akalitazama muda mrefu. "Basi siku hiyo tuwe kwenye huo mji wao wa dini," alisema, "nami nitafunga pamoja nao, kila mtu na Mola wake."

Mji wenyewe ni Anuradhapura, mji mkuu wa wafalme wa kisiwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Pale upo mti wa mtini mtakatifu, Jaya Sri Maha Bodhi, uliokuzwa kutokana na tawi la mti ambao Buddha aliketi chini yake huko Bodh Gaya. Tawi hilo lililetwa na Sanghamitta, dada yake Mahinda, na tangu hapo limekuwa na walinzi bila kukatika. Ndio mti uliopandwa na binadamu wenye historia ndefu kuliko yote inayojulikana, zaidi ya miaka 2,200. Matawi yake yamezeeka, yameegemezwa juu ya nguzo za chuma kama mzee aliyeegemea magongo. Watu huketi mchangani wakalitazama jani moja linavyocheza. Sijaona mahali pengine ambapo mti unanyamaziwa hivyo.

Adabu za mahekaluni mtu azijue akiwa bado nyumbani, kwa sababu zinahusu kile atakachotia sandukuni. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na kwa wanawake. Nguo nyeupe hailazimishwi kwa mgeni lakini inapokewa vizuri. Viatu huvuliwa mlangoni, na kofia pia, na hapo ndipo penye mtihani wa Anuradhapura: ua ni wa mawe na mchanga, jua la saa saba linaunguza nyayo kama kikaango. Soksi nene zinaruhusiwa, kwa hiyo beba jozi mbili. Usijipige picha umeipa mgongo sanamu ya Buddha. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkononi. Mwenye mchoro wa Buddha uliochanjwa mwilini aufunike. Wapo wageni waliozuiwa na kurudishwa makwao kwa jambo hilo, na watu wa pale wala hawaoni kama wamezidisha. Wauza maua mlangoni hukupa yungiyungi za buluu. Ukinunua za kumpa mwenyeji wako akaziweke, usizinuse, maana zimekusudiwa madhabahu na harufu yake si yako.

Wapo jamaa walioniuliza, Mwislamu anakwenda kutafuta nini hekaluni? Nawajibu kwamba naingia kama mgeni anavyoingia nyumba ya watu. Sisujudu, siwashi taa, wala sijifanyi. Navua viatu, nasimama pembeni, natazama watu wakimcha wanayemcha. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wetu walitembea pekupeku, na kwamba mbele ya misikiti yao ya mbao palikuwa na kisima, kila mwenye kuingia akiosha miguu kwanza. Miaka 13 baadaye msafiri huyo huyo alitia nanga Sri Lanka, akashuka Puttalam, akamwomba mfalme wa pale jambo moja tu, apelekwe kwenye unyayo wa Adam. Akapanda, akaeleza minyororo ya chuma ambayo wapandaji hujishikilia. Mama akinisikia nasoma habari hizi hunyanyua kidole: umeona, na yeye alitoka kwetu.

Kuna mambo mengine ambayo mtu anayepanga likizo huona uzito kuyasoma, nami naona ni wajibu ayasome. Nchi hii ilipigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1983 hadi 2009, jeshi la serikali na wapiganaji wa Kitamil, na kaskazini bado wapo wazazi wanaosubiri kuambiwa watoto wao walipelekwa wapi. Desemba 26, 2004 bahari iliua zaidi ya watu 30,000 kisiwani, wimbi lile lile lililofika hata kwetu likiwa limechoka. Jumapili ya Pasaka ya 2019 makanisa na hoteli vililipuliwa na watu waliojiita Waislamu, wakafa zaidi ya watu 250, na Waislamu wa kawaida wakachomewa maduka na wakatazamwa kwa jicho baya kwa kosa wasilolitenda. Waislamu ni kama mtu 1 kati ya 10, Wabudha ni kama 7. Kwenye msikiti mmoja wa Kandy nilikaa na akina mama baada ya swala, na mmoja wao aliniambia kwamba mwaka ule alikuwa akitoka nje anahesabu hatua. Jirani yake Mbudha ndiye aliyemnunulia mkate wiki nzima. Alinieleza yote mawili kwa sauti moja, bila kulipunguza moja kwa ajili ya jingine. Tangu hapo nami nimejizuia kuieleza nchi ile kwa neno moja, liwe zuri au baya.

Ramani ya safari yetu tuliichora nyuma ya bahasha. Uwanja wa ndege uko kaskazini ya Colombo, kwa hiyo Colombo tunaiacha, tunapanda na pwani hadi Puttalam. Pale Puttalam, kwenye kitongoji cha Sirambiadiya, zipo familia chache ambazo asili yao ni Afrika. Mababu zao walichukuliwa na Wareno, baadaye Waholanzi na Waingereza, wengine watumwa, wengine askari. Mwaka 1505 jeshi la Mreno Francisco de Almeida liliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa, na muda mfupi baadaye mwanawe, Lourenço, alikuwa Mreno wa kwanza kuongoza meli hadi Sri Lanka. Mkono uliotuchomea sisi ndio uliobisha hodi kwao. Watu wa Sirambiadiya wamebaki na nyimbo za Kireno cha kienyeji, wanaziita manja, wanaziimba kwa makofi, ngoma na nazi zinazogonganishwa. Mama ameniuliza kama wanajua Kiswahili. Hawajui. Lakini tumekubaliana kwamba hatupiti mji ule bila kusimama, na kwamba hatutawatolea watu kamera usoni kama wanyama wa mbugani. Tutakwenda kwa kupelekwa na mwenyeji, na zawadi mkononi, kama watu wanaokwenda kuulizia jamaa.

Kutoka Puttalam barabara inaingia bara hadi Anuradhapura, ambako tutakuwa mwezi kumi na nne. Halafu Kandy, usiku 2. Sigiriya nimeifuta, ingawa rafiki zangu wamenilaumu. Mwamba ule wa mfalme Kashyapa ni ajabu kweli, nimeuona, lakini kiingilio cha mgeni ni zaidi ya dola 30, ngazi zake hazina kivuli, na mama ana magoti ya mlima mmoja tu.

Mlima huo, Wasinhala wanauita Sri Pada, una mita 2,243. Kileleni juu ya jabali kuna alama yenye umbo la unyayo mkubwa. Wabudha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, Waislamu wanasema ni wa Adam, na wapo Wakristo wanaomtaja Mtume Tomaso. Wote hupita ngazi zile zile. Msimu wa hija huanza Poya ya Desemba ukaisha Poya ya Vesak, na katika msimu huo njia hufungwa taa kutoka chini hadi juu na vibanda vya chai havilali. Nje ya msimu kuna giza, ukungu, ruba na upepo wa kumwangusha mtu. Kiingilio hakuna.

Niliupanda Februari, safari yangu ya pili. Tulianza saa nane usiku kutoka kijiji cha Nallathanniya. Ngazi ni kama 5,500, na si ngazi za nyumbani. Nyingine ni fupi kama kiganja, nyingine zinafika gotini. Kilele nimeanza kukisahau. Nisichokisahau ni mgongo wa bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu. Mdogo, mkavu, pekupeku, kashika bomba la chuma kwa mkono wa kulia. Mjukuu mmoja alikuwa juu yake anamvuta mkono wa kushoto, mwingine yuko chini, viganja viwili vimemwegemeza kiunoni. Kila hatua kumi alisimama, akatamka maneno yake kwa sauti nyembamba, na watu aliokuwa hawajui, waliokuwa juu na waliokuwa chini na waliokuwa wanateremka, wakamjibu kwa kuimba. Kisha akanyanyua mguu. Hakuna aliyempita kwa haraka. Mstari mzima ulichukua mwendo wake, nasi tukauchukua.

Mahali pamoja njiani panaitwa Indikatupana. Kwa imani yao Buddha alisimama pale kulishona joho lake lililochanika. Mahujaji huchoma sindano yenye uzi, halafu wakapanda huku donge la uzi likifunguka mkononi mpaka uishe. Nilimtazama binti mmoja, uzi unamtoka vidoleni polepole kama mtu anayerusha tiara, na nyuma yake maelfu ya nyuzi za waliotangulia zimelala juu ya kichaka, nyeupe, zimeshika umande. Taa ilipozipiga nilidhani ni barafu.

Juu tulisimama foleni. Unyayo wenyewe umefunikwa, huuoni, unaona kitambaa na maua. Kuna kengele, na kila mtu huigonga kwa idadi ya mara alizopanda. Yule bibi alipofika tulihesabu, tukapotea kwenye ishirini na kitu. Jua lilipotoka, kivuli cha mlima kikaanguka upande wa magharibi juu ya mawingu, pembe tatu iliyonyooka kama imekatwa kwa mkasi. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Nilimwombea dua baba yangu.

Basi mama atapanda? Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Yeye alitaka usiku wa mwezi mpevu, apate mwanga. Nikamweleza kwamba usiku wa Poya, na usiku wa Jumamosi yoyote ya msimu, watu hubanana ngazini saa nyingi bila kusogea, na mtu wa magoti mabovu hawezi kusimama hivyo. Tukarudi kwenye kalenda. Mwezi ukishajaa, kila usiku huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50. Mwezi kumi na nane utachomoza saa tatu au saa nne usiku, na kufika saa nane utakuwa umeshapanda juu sana, bado mkubwa, wakati umati wa Poya umeshateremka na kurudi makwao. Mama alilitambua hilo kabla sijamaliza kusema. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Mwezi kumi na nane alikuwa akitoka usiku huo huo, kwa sababu giza la mwanzo humpa mtu nafasi ya kulala.

Kwa hiyo ni mwezi kumi na nane, siku ya kazi. Tutaanza saa tatu usiku badala ya saa nane, tupumzike kila kibanda, tunywe chai ya tangawizi. Tumekubaliana pia, kwa kupeana mikono, kwamba akifika Indikatupana na magoti yakakataa, pale ndipo palipokuwa pake, na tutangoja jua tukiwa tumekaa. Kurudi chini ndiko kunakoumiza zaidi kuliko kupanda. Nimemnunulia fimbo mbili na sweta.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Viza huombwa kwa mtandao kabla ya safari, na masharti yake hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti ya serikali yao na si ya dalali. Anayetoka Kenya abebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Bila hiyo anaweza kukwama uwanjani. Kisiwa hakina malaria, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha hivyo Septemba 2016, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Ukishikwa na homa ukiwa kule mwambie daktari bila kuulizwa kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana madaktari wa pale hawakutani nayo tena kila siku na wanaweza kuikosa. Treni ya milimani, ile ya mashamba ya chai, tiketi za viti hufunguliwa kama mwezi mmoja kabla na huisha upesi. Uliza pia kama reli iko wazi, kwa kuwa mvua huangusha milima juu yake. Sisi tumekodi gari na dereva kwa sababu ya mama. Tuktuk ni zile zile za Mombasa, na huendeshwa kushoto kama kwetu.

Chakula hakinipi wasiwasi hata kidogo. Asubuhi kuna appa, ndugu wa damu wa vibibi vyetu, unga wa mchele na tui, umekaangwa kwenye kikarai mpaka kingo zikawa kavu na katikati laini. Kuna fenesi bichi la kupikwa kama nyama, shelisheli, samaki mkavu, dengu. Kwenye nyumba ya wageni ya Kandy nilisikia asubuhi sauti ninayoijua, nikatoka kitandani kuifuata. Mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya mbuzi, kigoda kile kile chenye ulimi wa chuma, kifuu kinazunguka mikononi. Nikamwomba nimsaidie cha pili. Alinitazama nikikaa, akatazama mkono wangu unavyozungusha, akanyanyuka kwenda kupuliza moto bila kusema neno, kama anavyofanya mama akishajua kazi iko kwa mwenyewe.

Jana nilimkuta mama chumbani kwake, mapazia wazi, vitambaa vyeupe vimemwagika kitandani. Anatushonea nguo mbili za safari, ndefu, za mikono mirefu. Maisha yake yote ameshona kofia za mkono, na vidole vyake bado ni vyepesi kuliko magoti. Alinipima mabega, akakata uzi kwa meno.

"Pale kwenye sindano," alisema, "wanatumia uzi gani?"

Nikamwambia mweupe, wa pamba, wa kawaida tu.

"Umesokotwa mara mbili au mara tatu?"

Sikujua. Akatikisa kichwa, akaingiza uzi mwingine tunduni, akarudi kwenye pindo.